Mistari Saba Katika Daftari

Leo twaanza kwa kuungama kosa letu wenyewe. Maana si haki kumwonyesha jirani takataka za ua wake wakati wetu haujafagiwa.

Katika chumba chetu cha kazi, hapa Bukavu, kiko kikapu cha barua za wasomaji. Mwaka mmoja, karibu na mwanzo wa masomo, iliingia barua ya mama mjane. Mwanawe wa kwanza alikuwa amemaliza shule ya msingi. Mama alitaka kujua ni shule gani ya ufundi ingeweza kumpokea, na ni karatasi gani zilizohitajiwa. Barua ilikuwa fupi, imeandikwa kwa uangalifu, na mwishoni alisihi tujibu upesi, kwa sababu siku za kuandikisha wanafunzi zilikuwa zakaribia kwisha.

Tuliisoma. Tulimhurumia. Tukaiweka juu ya nyingine zote ili ijibiwe kesho yake. Kesho yake ikaja barua nyingine juu yake, na kesho kutwa nyingine tena. Tulipoifikia mara ya pili, juma la sita lilikuwa limekwisha kupita, na uandikishaji ulikuwa umefungwa. Mtoto yule alikaa nyumbani mwaka mzima. Hakuna mtu aliyetushtaki. Mama mwenyewe alituandikia maneno ya shukrani kwa jibu letu lililochelewa, na shukrani hiyo ilituuma kuliko lawama.

Angalieni basi, wapenzi: hatukukosa nia njema. Nia tulikuwa nayo tele. Kilichokosekana ni kitu kidogo kuliko nia, nacho ndicho twataka kuzungumza nanyi juu yake leo.

AHADI KUBWA, SIKU CHACHE

Nani kati yetu hajaweka ahadi siku ya Mwaka Mpya? Baba asema: “Tangu leo sitapoteza hata saa moja.” Mwanafunzi asema: “Nitasoma kila usiku mpaka saa sita.” Mama asema: “Nyumba hii haitaniona tena nikihangaika dakika ya mwisho.” Sisi pia, baada ya aibu ile, tuliapa kwamba kila barua itajibiwa siku ileile ya kuingia kwake. Kiapo chetu kiliishi siku nne.

Kwa nini ahadi za namna hii hufa upesi? Kwanza, kwa sababu ni kubwa mno, na mtu hataki kujua ukubwa wake mpaka imemlemea. Pili, kwa sababu hazina kipimo. Aliyeahidi kuwa “mtu wa bidii” hawezi kusema jioni kama ameshinda au ameshindwa. Tatu, na hii ndiyo mbaya zaidi, kwa sababu tukianguka twajihukumu bila kujichunguza. Twasema: “Mimi ni mvivu tu,” kisha twaacha. Lakini fundi ambaye mlango wake haufungi hasemi kwamba mbao ni mbaya akaenda zake. Huutazama mlango, huona mahali unapogusa, huranda kidogo, kisha hujaribu tena.

Haba na haba hujaza kibaba, walisema wazee. Twaongeza kwamba mwenye kujaza kibaba hana budi kukitazama mara kwa mara, asije akakuta kimetoboka.

ASKARI ALIYEJIFUNZA KUHESABU

Katika kutafuta dawa tulikumbuka jambo ambalo Mapadri Wajesuiti, wanaojulikana sana mjini kwetu kwa ajili ya Kolegi Alfajiri, wamelitumia kwa karne nyingi.

Mtakatifu Inyasi wa Loyola alizaliwa Hispania mwaka 1491, akawa mtu wa silaha na wa fahari. Mwaka 1521 mguu wake ulivunjwa na kombora la mzinga katika vita vya Pamplona. Kitandani alianza kuyaangalia mawazo yake mwenyewe, yapi yalimwachia amani na yapi yalimwachia ukavu. Baadaye, kule Manresa, alianza kuandika mambo aliyokuwa akiyajaribu nafsini mwake, na maandiko hayo yakawa kitabu cha Mazoezi ya Kiroho, kilichokubaliwa na Papa Paulo wa Tatu mwaka 1548.

Ndani ya kitabu hicho mna zoezi moja dogo liitwalo uchunguzi wa pekee. Mtu huchagua kosa moja tu. Hachagui yote kwa pamoja. Asubuhi, anapoamka, hukusudia kujihadhari nalo. Baada ya chakula cha mchana hujiuliza, saa baada ya saa, ameanguka mara ngapi, naye hutia nukta katika mstari wa daftari, nukta moja kwa kila anguko. Baada ya chakula cha jioni hufanya vivyo hivyo katika mstari wa pili. Kila siku ya juma ina mahali pake, siku saba. Tena, kila anapoanguka, huweka mkono kifuani, jambo awezalo kulifanya hata mbele ya watu wasitambue. Kisha hulinganisha mchana na jioni, siku na siku, juma na juma.

Katika daftari la Inyasi mistari huanza mirefu siku ya kwanza, ikazidi kuwa mifupi kadiri juma linavyoendelea. Yaani mtakatifu huyu alitazamia makosa yapungue, asitazamie yatoweke siku moja. Aliijua tabia ya mwanadamu.

Karne mbili baadaye, ng’ambo ya bahari, Benjamin Franklin, mchapaji wa Philadelphia ambaye hakuwa Mkatoliki, alibuni daftari linalofanana sana na lile. Aliandika fadhila 13, akaipa kila moja juma lake, hata kwa mwaka akazunguka mara nne. Fadhila iliyomshinda zaidi ilikuwa utaratibu, yaani kuweka kila kitu mahali pake na kila kazi kwa saa yake. Alikiri uzeeni kwamba ukamilifu hakuufikia, ila alikuwa mtu bora na mwenye furaha zaidi kuliko kama asingejaribu. Hayo yatufariji sisi wenye vikapu.

JARIBIO LETU

Tulichukua basi daftari la shule, tukapiga mistari. Hatukuandika “kuwa watu wa bidii.” Tuliandika hivi: “Kujibu barua tatu kila siku baada ya chakula cha mchana.” Siku ambayo hatukutimiza ilipata nukta, na kando yake neno moja la kueleza sababu.

Juma la kwanza, katika siku sita za kazi, tulipata nukta nne. Zamani tungalisema: “Tumeshindwa.” Safari hii tulisoma yale maneno ya kando: mgeni, mgeni, usingizi, mgeni. Kumbe saa baada ya chakula ndiyo saa ambayo watu hutoka sokoni na kupita kutusalimu, na kwetu mgeni hafukuzwi. Kosa halikuwa uvivu. Tulikuwa tumeipanda mbegu njiani.

Juma la pili tulibadili jambo moja tu, yaani saa. Barua zikajibiwa mara baada ya Misa ya asubuhi, kabla ya kufungua mlango. Nukta zikawa mbili.

Juma la tatu zikarudi kuwa tatu, nasi tulishangaa. Maneno ya kando yalikuwa: mvua, barua ngumu, barua ngumu. Mvua za Bukavu kila mtu azijua. Njia za kilimani hugeuka mito, na mtu huchelewa asitake. Lakini “barua ngumu” lilikuwa jambo jipya. Tuligundua kwamba tulikuwa twajibu zile nyepesi kwa furaha, na zile za majonzi tukizihamisha chini ya kikapu. Ndivyo ilivyokuwa kwa barua ya mjane. Hatukukosa nafasi, tuliogopa kutojua la kumwambia, tukauita woga huo “shughuli nyingi.”

Hayo tusingaliyajua bila nukta. Kwa hiyo juma la nne tulijiwekea sharti dogo: kila asubuhi, kabla ya yote, kuchukua barua iliyo ngumu kuliko zote na kuandika mstari wa kwanza tu wa jibu lake. Mstari mmoja, hata kama ni huu: “Mama mpendwa, barua yako tumeipata, na jibu tunalitafuta.” Mara nyingi mstari wa kwanza ulivuta wa pili. Usipovuta, yule mama angalau alijua kwamba hakusahauliwa. Juma hilo lilikuwa na nukta moja.

NYUMBANI MWAKO

Msomaji atauliza: “Sisi hatuna kikapu cha barua; hayo yatufaa nini?” Yawafaa sana. Chukueni daftari, lile ambalo watoto huliita kaye, mkafuate njia hii.

Kwanza, chagua jambo moja linalokuumiza wewe au wenzako. Lisiwe “kuwa na utaratibu”. Liwe kitendo kinachoonekana, kama vile kuandika fedha zilizotoka leo, au kutayarisha nguo na madaftari ya watoto jioni.

Pili, lipunguze mpaka lionekane dogo hata kuchekesha, kisha ulifunge kwenye kitu ambacho tayari hukosi kukifanya: baada ya sala ya asubuhi, baada ya kuosha vyombo, kabla ya kufunga mlango wa duka.

Tatu, tia alama kila siku, na neno moja la sababu.

Nne, Jumapili baada ya Misa, soma juma lako kwa utulivu, ubadili jambo moja tu. Ukibadili matatu kwa pamoja hutajua ni lipi lililosaidia. Mpishi aongezaye chumvi, pilipili na mafuta kwa mara moja hajui ni nini kilichoharibu sombe.

Mwanafunzi ambaye masomo hayamkai kichwani asiseme upesi kwamba hana akili. Ajaribu juma moja kusoma jioni, na juma la pili kusoma alfajiri kabla ya kwenda shule. Kisha kila Jumamosi afunge kitabu na kuandika yale aliyoyakumbuka. Tena, mahali ambapo umeme hukatika bila taarifa, saa ya alfajiri ina faida yake, kwa sababu jua halimngoji mtu yeyote aliwashe.

Mwenye biashara ndogo katika soko la Kadutu aandike kila jioni alichonunua, alichouza, na kilichochukuliwa nyumbani. Wengi hudhani biashara yao haina faida, na kumbe faida huliwa kidogo kidogo kabla haijahesabiwa. Chovya chovya humaliza buyu la asali. Wale walio katika likelemba wajua nguvu ya jambo hili: kutoa kidogo, kwa siku iliyopangwa, bila kuulizwa mara mbili, hata zamu ifike ya kupokea kingi.

TUANGALIE MIZIGO YA MAMA

Hapa hatuna budi kunena waziwazi na akina baba. Daftari si fimbo. Mume asipige mistari kwa ajili ya mkewe, wala mama kwa ajili ya mkwe wake. Kila mtu hutia nukta zake mwenyewe.

Tena, jaribio la kweli huweza kuonyesha jambo ambalo hatukulitazamia. Tuseme mama mmoja amejiwekea shabaha ya kushona saa moja kila siku ili apate fedha kidogo, na juma zima limejaa nukta. Tusome sababu zake: maji, kuni, mtoto mgonjwa, maji, wageni, maji. Je, tutamwita mvivu? La hasha! Mwanamke anayeamka kabla ya jogoo na kupanda vilima vyetu na mzigo mgongoni hakosi bidii; bidii yake imekwisha gawanywa kabla hajaamka. Jaribio la juma linalofuata silo lake tena, ni la nyumba nzima. Mwana mkubwa wa kiume achote maji siku tatu, baba mwenyewe siku moja, kisha tuone kama ile saa ya kushona itapatikana. Nyumba nyingi zingaliona kwamba kilichohitaji kurekebishwa ni mgawanyo wa kazi, wala si mama.

USITAZAMIE MAVUNO KESHO

Watu huuliza: “Tabia mpya huota mizizi kwa siku ngapi?” Wengine hutaja siku 21. Mwaka 2009 wataalamu wa chuo kikuu kimoja cha London walitangaza matokeo ya kuwafuatia watu 96, kila mmoja akijizoeza jambo dogo, kama vile kula tunda au kutembea, kwa muda wa majuma 12. Walikadiria kwamba, kwa kawaida, siku 66 zilihitajiwa hata jambo lifanyike bila kujilazimisha. Lakini tofauti ilikuwa kubwa, tangu siku 18 mpaka 254. Tena waliona kwamba kukosa siku moja hakukubomoa kazi yote. Basi anayeanguka Jumanne asingoje Mwaka Mpya. Jumatano iko karibu.

Na kama twataka somo la uvumilivu, tutazame ziwa letu. Zamani maji ya katikati ya Kivu yalikuwa maskini wa samaki. Mwaka 1959 samaki wadogo wa Ziwa Tanganyika walitiwa humo kwa jaribio. Miaka ikapita, na ilikuwa mwishoni mwa miaka ya 1970 ndipo uvuvi wao ulipoanza kushika nguvu. Samaki hao ndio sambaza, ambao wavuvi wetu huwafuata usiku kwa taa, na ambao wamekuwa kitoweo cha maskini na tajiri. Aliyetazama maji juma moja baada ya kuwatia angalisema hakuna kitu.

MITEGO MITATU

Mtego wa kwanza ni kiburi. Mtu aliyepata juma lisilo na nukta huanza kuwahesabia wenzake. Huyo na aongeze mstari mmoja daftarini: kusema vibaya jirani.

Wa pili ni wasiwasi wa roho. Wapo wanaojihesabu hata wasilale. Mungu hatupimi kwa nukta. Daftari ni kioo cha kusaidia uso uoshwe, na anayekitazama kutwa hapati nafasi ya kuosha. Ukiona lakunyima amani, lifunge juma moja, ukazungumze na padri wako.

Wa tatu ni kusahau sababu. Hatutafuti kufanya kazi nyingi kama mashine ya kiwandani. Twatafuta kwamba kazi tuliyokabidhiwa imfikie mtu anayeingoja. Kwa hiyo Dominika iachwe huru: ni siku ya Bwana, ya jamaa, na ya kupumzika. Na mgeni abaki mgeni. Ratiba isiyoweza kumpokea haifai katika nyumba ya Kikristu.

KATIKA SIKU ZA TAABU

Huenda mtu akasema: “Mwaandika juu ya madaftari, na mji wetu umepatwa na nini?” Swali hili ni la haki. Mwezi wa Februari 2025 waasi wa M23 waliingia Bukavu, na wengi waliona mipango yao ya miaka ikivunjika kwa siku chache. Hakuna daftari linaloleta amani, nasi hatutamdanganya mtu.

Lakini tumkumbuke Askofu Mkuu Christophe Munzihirwa. Alikuwa Mjesuiti, mtu aliyelelewa katika zoezi lile la Mtakatifu Inyasi, la kujichunguza mchana na jioni, siku baada ya siku. Mwezi wa Oktoba 1996 vita vilipoukaribia mji huu, alibaki pamoja na watu wake, akipaza sauti kwa ajili ya wenyeji na wakimbizi, hata alipouawa hapa Bukavu tarehe 29 ya mwezi huo. Hatusemi kwamba nukta za daftari humfanya mtu kuwa shujaa. Neema ni ya Mungu. Ila twajua kwamba siku kubwa haimpi mtu nafasi ya kujifunza. Humkuta na tabia alizozijenga katika siku ndogo.

Tena, wakati mambo makubwa hayamo mikononi mwetu, jambo dogo lililomo mikononi lina heshima yake. Mtoto aliyefundishwa kusoma nusu saa kila alfajiri huendelea kusoma hata shule ikifungwa. Jamaa iliyozoea kuandika matumizi yake hujua, siku ya shida, ni nini cha kuacha na ni nini cha kushika.

Tumalizie kwa habari ya yule mjane. Mwaka uliofuata alituandikia tena, safari hii kwa ajili ya mtoto yuleyule. Barua ilifika asubuhi, nayo ilikuwa ngumu, maana ilitukumbusha kosa letu. Tuliandika mstari wa kwanza kabla ya kufungua mlango, na kabla ya saa sita jibu lilikuwa limekwisha kwenda. Kijana huyo leo ajifunza useremala. Mwaka alioupoteza hatukuweza kumrudishia.

Basi, wapenzi, jioni hii baada ya sala ya jamaa, kila mmoja ajiulize jambo moja tu: ni nani anayeningoja, na ni kitu gani kidogo kinachonichelewesha? Aliandike. Apige mistari saba. Nasi tutashukuru mkituandikia mliyoyagundua. Barua zenu hazitalala kikapuni.